Dawa za kuzuia uchungu wa mapema: namna ya kuyajua madhara yake na kuyawahi

Saa tisa usiku, wodi ya wazazi. Mama mwenye mimba ya wiki 30 ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai inamwagikia khanga. Hana homa wala hasikii baridi. Saa moja iliyopita alichomwa sindano ya kutuliza mfuko wa uzazi, na sasa vidole vinatetemeka na moyo unamwenda mbio. Ananiuliza, "Sista, hii dawa inanisaidia au inanimaliza?"

Katika miaka yangu ya ukunga nimeulizwa swali hilo kwa namna nyingi, na sijawahi kuliona la kijinga. Dawa za kuzuia uchungu wa mapema hazijui kufanya kazi mahali pamoja. Msuli wa mfuko wa uzazi una ndugu zake mwilini: kuta za mishipa ya damu, moyo, njia za hewa, utumbo. Ukiutuliza mmoja, mingine nayo inasikia. Madhara mengi ni hao ndugu wakijibu wito usiowahusu.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mjamzito na yule anayemuuguza, awe mume, dada au mama mkwe. Hauwezi kushika nafasi ya daktari anayekuona kwa macho yake, ila utakusaidia kujua kipi uvumilie na kipi upige kelele. Majina ya dawa nimeyaandika kwa Kiswahili. Kwenye pakiti utayakuta kwa tahajia ya kigeni, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Kwanza ujue unanunua nini

Unanunua saa 48. Watu wengi hudhani dawa hizi zitaifikisha mimba miezi tisa, kisha wanavunjika moyo. Kazi yake ni kusogeza uchungu mbele siku mbili hivi ili mambo mawili yafanyike.

La kwanza ni sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Kwetu nyingi huwa ni deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Aina hii ya matibabu ilianzia New Zealand, ambako madaktari Graham Liggins na Ross Howie walichapisha utafiti wao mwaka 1972. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan kwa wajawazito wa wiki 26 hadi 33, na deksamethasoni ikaonekana kupunguza vifo vya vichanga. La pili ni safari: kukutoa kwenye kituo cha afya kisicho na oksijeni ya vichanga na kukufikisha hospitali yenye wodi ya njiti.

Kila usumbufu wa dawa upime kwa mzani huo. Kichwa kikiuma wakati sindano za mapafu zinaendelea, hiyo ni bei inayolipika. Lakini kutetemeka na moyo kwenda mbio siku tano mfululizo, sindano za mapafu zimekwisha na hakuna anayekuhamisha, ni kulipia kitu ambacho umekwisha kukipokea. Hapo uliza kwa nini dawa inaendelea.

Historia ya dawa hizi inafundisha unyenyekevu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wajawazito huko Marekani walitundikiwa dripu yenye pombe ili kuzuia uchungu. Aliyeieneza njia hiyo ni Fritz Fuchs, daktari Mdenishi aliyefanya kazi New York. Kina mama walilewa vitandani, wakatapika, wakaamka na vichwa vizito. Mwaka 1980 Marekani ikaidhinisha dawa iitwayo ritodrini, nayo baadaye ikaachwa kwa namna ilivyousumbua moyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza nifedipini, na kusema kundi la dawa ya pumu iitwayo salbutamoli na ndugu zake lisitumike kwa kazi hii. Hata hivyo shelfu za dawa hazibadiliki siku moja na miongozo, ndiyo maana hapa nazieleza zote.

Hatua ya 1: Hakikisha ni uchungu, na mimba ni ya wiki ngapi

Tumbo kukaza mara mojamoja na kuachia, hasa jioni baada ya kazi, ni jambo la kawaida. Uchungu wa mapema una mpangilio. Shika saa na uhesabu: tumbo likikaza mara nne ndani ya dakika 20, au mgongo wa chini ukiuma kwa vipindi, au ukisikia mkandamizo nyongani kama mtoto anasukuma, nenda hospitali. Maji yakikutoka, au damu, usisubiri kuhesabu chochote.

Hospitalini watapima njia kuona kama mlango wa kizazi umeanza kufunguka. Watauliza tarehe ya hedhi ya mwisho, na hapa ndipo ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza inapokuwa dhahabu, kwa sababu ndiyo inayokadiria umri wa mimba vizuri zaidi. Kwa kawaida dawa za kuzuia uchungu hutolewa kati ya wiki 24 na 34. Mama aliyekosea hesabu kwa mwezi mzima anaweza kubebeshwa madhara ya dawa kwa mtoto ambaye tayari amekomaa. Nenda na kadi yako ya kliniki, au kile kitabu cha mama na mtoto kwa walio Kenya.

Omba pia mkojo upimwe, na malaria. Uambukizo wa njia ya mkojo na malaria huamsha uchungu kabla ya wakati, na ukizuia uchungu bila kutibu kilichouamsha, umefunika chungu huku moto unawaka.

Kuna nyakati dawa hizi hazitolewi kabisa: damu inatoka kwa wingi au kondo la nyuma limeanza kubanduka, kuna uambukizo ndani ya mfuko wa uzazi, mama ana dalili kali za kifafa cha mimba, mtoto amechoka au amefia tumboni, au njia imefunguka sana. Ukiambiwa "hatuwezi kuuzuia," usidhani umetelekezwa. Mara nyingine kuzaa ndiyo tiba.

Hatua ya 2: Sema yote kabla ya dozi ya kwanza

Madhara mabaya niliyoyaona, mengi yalianzia kwenye jambo ambalo halikusemwa. Si uongo. Mama amebanwa na uchungu, anaulizwa haraka haraka, anajibu "sina tatizo."

Kwa hiyo anayekusindikiza akumbuke kwa niaba yako. Je, uliwahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo, au utotoni uliugua homa na viungo kuvimba, na sasa ukipanda ngazi unahema kuliko wenzako? Valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ni ugonjwa wa kwetu huku. Wako wasioujua mpaka mimba inapoulemea moyo, na dawa inayoongeza kasi ya mapigo inaweza kuwaangusha ndani ya saa chache. Taja kisukari, presha ya kupanda au ya kushuka, goita, pumu, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, upungufu wa damu, ugonjwa wa misuli kulegea, na mwili kuikataa aspirini. Taja kama ni mapacha.

Kisha taja ulichokwisha kumeza. Ulipita duka la dawa ukapewa vidonge vya pumu "vya kutuliza tumbo"? Umechoma diklofenaki kwa ajili ya mgongo? Umekunywa dawa za asili? Sema. Mkunga mzuri hatakugombeza, na hata akikugombeza, ni nafuu kuliko kuongezewa dawa ileile juu ya iliyomo tumboni.

Hatua ya 3: Ijue dawa unayopewa

Uliza jina lake na uliandike. Kila dawa ina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayokuambia uangalie wapi.

*Nifedipini.* Wengi hushtuka: "Mimi sina presha, mbona napewa dawa ya presha?" Ni kweli, ni dawa ya presha. Inazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli, na msuli usio na kalsiamu hauwezi kukaza. Unalegea mfuko wa uzazi, zinalegea na kuta za mishipa ya damu. Mishipa ikitanuka, uso unapata joto, kichwa kinagonga, moyo unaongeza kasi kufidia, na ukisimama ghafla unaona nyota. Hayo mara nyingi yanaanza ndani ya saa moja ya dozi ya kwanza na kupungua yenyewe. Kwa kichwa, parasetamoli inatosha.

Mambo matatu juu ya nifedipini. Kwanza, imezwe. Zamani vidonge laini vilitobolewa na kukamuliwa chini ya ulimi. Mtindo huo uliachwa kwa sababu presha ilishuka kama jiwe kisimani. Pili, kile kidonge kinachotoa dawa polepole kisitafunwe wala kukatwa, maana utapata kwa mara moja dozi iliyokusudiwa kwa saa nyingi. Tatu, acha balungi. Juisi yake inazuia mwili kuivunja nifedipini, dawa inajazana kwenye damu. Mama aliyelazwa huletewa matunda na kila ndugu, na balungi ni tunda lisiloshukiwa na mtu. Chungwa la kawaida halina neno.

Ile namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, ni ya kumwita daktari. Na ukiona nifedipini inatolewa pamoja na dripu ya magnesiamu, uliza kama wanajua zote mbili zinaenda. Wakati mwingine ni lazima ziende pamoja, lakini kwa ulinzi wa karibu, maana zikikutana presha inaweza kushuka sana na misuli kulegea kupita kiasi.

*Salbutamoli na terbutalini.* Ndiyo iliyomwaga chai ya yule mama. Ni dawa za pumu. Zinaamsha vipokezi vilevile vinavyoamshwa na homoni ya hofu. Mfuko wa uzazi unatulia, lakini mwili unafanya kama umekutana na simba: mikono inatetemeka, moyo unakimbia, jasho, kichwa, kukosa usingizi. Sukari ya damu inapanda, potasiamu inashuka. Moyo wa mtoto nao unakwenda mbio.

Hatari kubwa ni mapafu kujaa maji. Hatari hiyo inaongezeka mimba ikiwa ya mapacha, mama akiwa na uambukizo, au dripu zikitundikwa bila kuhesabiwa. Hili la dripu linaniuma, kwa sababu tuna mazoea ya kutundika chupa ili ndugu waone kazi inafanyika. Mama mwenye dawa hii mwilini hahitaji maji ya ziada. Kila chupa iandikwe, na mkojo upimwe.

Mwezi Februari 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali: terbutalini ya sindano isitumike zaidi ya saa 48 hadi 72 kwa uchungu wa mapema, na ya vidonge isitumike kabisa, baada ya taarifa za matatizo makubwa ya moyo na vifo vya wajawazito. Mwaka 2013 Ulaya nayo ilizuia vidonge vya kundi hili kwa kazi hiyo, na kuziwekea sindano mpaka wa saa 48. Kwa hiyo vidonge vya salbutamoli vya kwenda kumeza nyumbani "ili tumbo litulie" havina pa kusimamia. Mwenye pumu asichanganye mambo: kipulizio chako cha pumu ni jambo jingine, endelea nacho.

*Indometasini.* Hii inazuia kemikali zinazousukuma mfuko wa uzazi ukaze. Kwa mama, madhara yake ni ya tumbo: kiungulia, kichefuchefu, na kwa mwenye vidonda, kutokwa damu. Imeze na chakula. Kwa mama ni dawa pole kuliko nyingi, na hapo ndipo inapodanganya, kwa sababu uzito wake unaangukia mtoto. Tumboni mtoto ana mshipa mdogo unaoipitisha damu kando ya mapafu ambayo bado hayajaanza kazi. Indometasini inaweza kuufunga mshipa huo kabla ya wakati, hasa baada ya wiki 32. Inapunguza pia mkojo wa mtoto, na kwa kuwa maji ya uzazi sehemu kubwa ni mkojo wake, maji yanapungua. Ndiyo maana haitolewi kwa kawaida baada ya wiki 32, wala zaidi ya saa 48. Ikizidi hapo, ultrasaundi ya kupima maji ni lazima.

Na kwa kuwa tumefika hapa: diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu zake wa damu. Oktoba 2020 mamlaka ileile ya Marekani ilionya dawa za ukoo huu ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba kwa ajili ya figo za mtoto. Aspirini ya kiwango kidogo anayoandikiwa mjamzito na daktari haimo kwenye onyo hilo. Ile sindano ya mgongo ya duka la dawa imo.

*Magnesiamu salfeti.* Wengi wanaifahamu kwa kifafa cha mimba. Siku hizi, mimba ikiwa chini ya wiki 32 na uzazi ukikaribia, hutolewa kulinda ubongo wa mtoto. Nguvu yake ya kuzuia uchungu ni ndogo. Ikianza kuingia utasikia joto kali kama umefunguliwa tanuri usoni, jasho, kichefuchefu, macho kuona ukungu, ulimi mzito, usingizi. Mwambie mkunga, kisha lala. Joto la mwanzo linapita.

Sumu yake inakuja kwa ngazi, na hilo ni jambo jema kwa sababu inatoa hodi. Mkunga anagonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu unaruka. Mguu ukiacha kuruka, dawa imezidi na inasimamishwa hapohapo, kwa kuwa ngazi inayofuata ni pumzi kupungua. Kabla ya dozi inayofuata mambo matatu yawe sawa: mguu unaruka, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Dawa hii hutoka mwilini kwa mkojo. Figo zikizembea, inajazana. Kiua sumu chake ni kalsiamu glukoneti, gramu 1, inachomwa polepole kwenye mshipa, na inatakiwa iwe karibu na kitanda kabla dripu haijafunguliwa. Ndugu wa mgonjwa anayo haki ya kuuliza, "Kalsiamu ipo?" Si ujuaji.

Mwaka 2013 Marekani ilionya pia kwamba magnesiamu ikiendeshwa zaidi ya siku 5 hadi 7 ili kuzuia uchungu, mifupa ya mtoto inaweza kukosa kalsiamu na hata kuvunjika.

*Atosibani.* Inaizuia homoni ya uchungu yenyewe, ndiyo maana madhara yake kwa mama ni machache: kichefuchefu, kichwa, kizunguzungu kidogo. Inatumika sana Ulaya. Ni ghali, na Marekani haijawahi kuidhinishwa. Dada zetu wanaojifungulia Uingereza au Ubelgiji wanaweza kukutana nayo.

Hatua ya 4: Shika saa na daftari

Wodi ina wagonjwa 30 na manesi wawili. Hakuna mtu atakayekaa kitandani kwako, kwa hiyo anayekuuguza awe jicho la nyongeza. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Andika saa ya kila dozi na jina la dawa. Kisha, dozi ya kwanza ikishaingia, pimeni kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, halafu kila nusu saa, halafu kila baada ya saa chache kadiri mkunga atakavyoelekeza.

Mapigo: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mjamzito kufika 90 au 100 si ajabu. Ikivuka 120 akiwa ametulia, mwite nesi. Pumzi: tazama kifua kikipanda, hesabu dakika nzima bila kumwambia, maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Chini ya 16 akiwa kwenye magnesiamu, ita. Zaidi ya 24 akiwa kwenye dawa yoyote, ita. Mkojo uende kwenye chombo cha kupimia, siyo chooni. Na kucheza kwa mtoto kuandikwe. Sindano za deksamethasoni zinaweza kumfanya mtoto atulie kwa siku moja au mbili, lakini mtoto aliyetulia asiachwe kwa kudhani ni sindano, asikilizwe moyo.

Mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara siku hizo. Deksamethasoni peke yake inaipandisha. Ikikutana na salbutamoli, inapanda zaidi.

Lala kwa ubavu wa kushoto. Ukitaka kuamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, hesabu mpaka thelathini, ndipo usimame, tena ukiwa umeshikwa. Nimeokota kina mama wawili kwenye sakafu ya choo kwa sababu ya haraka ya kusimama.

Hatua ya 5: Yanayotaka kelele

Kichwa cha kuvumilika, uso wa moto, mikono kutetemeka kidogo, kichefuchefu, kiungulia: hayo mwambie nesi akipita. Haya yafuatayo hayasubiri apite:

- Kuhema, kikohozi kipya, kushindwa kulala chali, au mate yenye povu. Ni mapafu hayo. Mketishe wima, dripu ifungwe, oksijeni iletwe.
- Maumivu ya kifua, au mapigo yanayoruka-ruka bila mpangilio.
- Kuzimia, au presha iliyoshuka huku ngozi ikiwa baridi.
- Kope kuwa nzito kiasi cha kutoinuka, maneno kukokota, pumzi zinazoachana mbali.
- Uso au midomo kuvimba, vipele, kukorota kwa pumzi.
- Damu, maji yenye harufu, homa, au tumbo lililokakamaa kama ubao lisiloachia.

La mwisho si dhara la dawa. Ni dalili kwamba huenda uchungu huo haukupaswa kuzuiwa, na dawa sasa inaficha jambo.

Ukiita, sema kwa takwimu. "Mgonjwa wangu hajisikii vizuri" humpata nesi baada ya nusu saa. "Amepewa nifedipini saa nne na robo, sasa mapigo ni 132 na anahema mara 28" humfanya akimbie.

Hatua ya 6: Kama unahamishwa

Dozi ya kwanza hutolewa kituo cha afya, gari ndipo liondoke. Kabla ya kufunga mlango hakikisha barua ya rufaa ina jina la dawa, kiasi na saa, pamoja na saa ya sindano ya mapafu. Bila hivyo, hospitali ya pili inaanza upya, na dozi mbili zinakutana mwilini. Barua zikiandikwa mbiombio, piga picha kwa simu. Njiani mama alale ubavu, asiachwe peke yake nyuma ya gari, na anayekwenda naye ajue kuhesabu pumzi.

Hatua ya 7: Saa 48 zikiisha

Wengine watakuwa wamezaa. Wengine uchungu utakuwa umetulia, na hapo huja kishawishi cha kuendelea na dawa "kwa usalama." Ukiandikiwa nifedipini ya kwenda nayo nyumbani, uliza ni ya siku ngapi, nani atapima presha, na lini unarudi. Ukiandikiwa salbutamoli ya vidonge, rudisha kwa adabu: "Daktari, nimesikia vidonge hivi havitumiki tena kwa kazi hii, hakuna namna nyingine?" Indometasini isitoke nawe mlangoni.

Kulala kitandani wiki kwa wiki hakujathibitishwa kuzuia uchungu wa mapema, na kunakaribisha damu kuganda miguuni. Punguza ndoo za maji na mizigo, lakini tembea nyumbani kwako. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kuuma, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Mtoto akizaliwa dawa ingali mwilini

Dawa inavuka kondo la nyuma, kwa hiyo anayempokea mtoto aambiwe ilikuwa dawa gani na dozi ya mwisho saa ngapi. Mtoto wa salbutamoli anaweza kushukiwa na sukari baada ya kuzaliwa. Apimwe na aanzishiwe maziwa ya mama mapema, hata kwa matone ya kijiko au mrija. Mtoto wa magnesiamu anaweza kuzaliwa mlegevu, mwenye usingizi, anyonye kwa uvivu, na wengine husaidiwa kupumua mpaka dawa ipungue. Mtoto wa indometasini aangaliwe kama anakojoa, na moyo wake usikilizwe. Wa nifedipini kwa kawaida hana shida inayotokana na dawa. Wote ni njiti, na wote wanahitaji joto: mtoto akishakuwa salama afungwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi.

Yule mama wa chai tulimsimamishia sindano. Mapigo yalikuwa 138, akahamishiwa nifedipini, na kufikia alfajiri mikono ilikuwa imetulia kiasi cha kufunga khanga mwenyewe. Alimaliza sindano zake nne za mapafu, akajifungua siku iliyofuata.

Kabla hujaruhusiwa, omba iandikwe kwenye kadi yako: mimba ilikuwa ya wiki ngapi, ulipewa dawa gani, mwili wako uliipokeaje. Kadi hiyo usiitupe na karatasi za hospitali. Mimba nyingine ikija, ifungue mbele ya mkunga siku ya kwanza kabisa ya kliniki, kabla hata hajaanza kukuuliza.